Kabla Uulize Bei ya Bunduki, Jifunze Kusoma Upepo

Tangu niposti ile klipu ya kueleza mchezo wa kulenga shabaha kwa masafa marefu, inboksi yangu ina swali moja tu, linabadilisha nguo kila siku. "Buda, hiyo bunduki ni pesa ngapi?" "Naeza pata moja wapi hapa Kakamega?" "Mtu wa kuanza anaanza na gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Wacha niseme hapa mara moja, halafu nitakuwa natuma hii linki.

Msimamo wangu ni huu. Huu ni mchezo wa ukweli, tena wa akili sana, na kijana wa Lurambi au Shinyalu anaweza kuuanza wiki hii bila kugusa bunduki. Anayekuambia uanze kwa kununua bunduki anakupeleka jela au anakula pesa yako. Na kama nchi, tumeufungia huu mchezo ndani ya nyumba ya watu wachache, wakati kuna mlango mdogo na wa bei nafuu ambao tungeufungua hata hapa Magharibi.

Kwanza tuelewane tunaongea nini. Si mambo ya sniper wa filamu. Mtu analala kifudifudi, mbele yake kuna karatasi au bamba la chuma lililo mbali, mita 300, 600, hata 1,000, na kazi yake ni kugonga katikati mara nyingi kadiri awezavyo. Karatasi haikimbii wala hailii. Huko Bisley, Uingereza, watu wamekuwa wakishindania zawadi ya mfalme au malkia tangu 1890, na kabla ya hapo mashindano yalikuwa Wimbledon tangu 1860. Fainali zake hupigwa yadi 900 na 1,000. Hapa Afrika, Afrika Kusini ndio wakali wa hii kitu, na uwanja wao wa Bloemfontein umewahi kupokea mashindano ya dunia.

Sasa, kwa nini sisi tukisikia "bunduki" tunawaza mambo mawili tu, polisi na wezi? Kuna sababu. Bunduki haikuingia huku kama kifaa cha mchezo. Mwaka 1895, Hobley akiwa na kituo pale Mumias, jeshi lilipanda hadi Lumboka na Chetambe kupiga Wabukusu, na mzozo wenyewe ulihusu bunduki. Wazee bado wanasimulia. Halafu mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, kwa hivyo hata ile njia ambayo mtoto wa nchi nyingine anajua bunduki kupitia baba yake mwindaji, kwetu haipo. Ongeza 2007 na 2008. Mama yako akikasirika ukitaja bunduki mezani, usimwite mshamba. Anajua kitu ambacho wewe umekiona kwa simu tu.

Ndio maana nataka tuanze na sheria. Kenya tuko na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuna Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti kinaombwa, unachunguzwa, unaulizwa sababu, na unaweza kunyimwa. Katiba yetu haina kifungu kama kile cha Marekani kinachokupa haki ya kumiliki silaha. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza hata wale waliokuwa na leseni tayari waende wahakikiwe upya. Kama watu wenye vyeti waliitwa tena, wewe unayetaka "kupata moja" kupitia msee fulani wa mpakani unajitafutia nini? Ukikamatwa nayo hakuna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa unajifunza mchezo. Ni kifungo, tena cha miaka mingi.

Na bunduki ya hewa? Watu wanadhani kwa sababu haina baruti basi ni kama manati. Usiagize kitu chochote cha aina hiyo mtandaoni kabla hujauliza Bodi kwa maandishi na kupata jibu. Na usipige picha umeshika bunduki ya askari rafiki yako ukaiposti. Likes zitaisha Jumatatu, lakini maafisa wa DCI hawasahau haraka hivyo.

Haya, sheria tumemaliza. Sasa njoo kwa utamu.

Kile kitu watu hawajui ni kwamba kwa masafa marefu, kufyatua ni sehemu ndogo sana ya kazi. Chukua risasi ya .308, ambayo ni ya kawaida sana katika huu mchezo. Inatoka kwa mtutu ikienda karibu mita 800 kwa sekunde. Kama bunduki imewekwa sawa kwa mita 100, ukilenga shabaha ya mita 1,000 bila kurekebisha kitu, risasi itaanguka zaidi ya mita 10 chini ya pale ulipolenga. Hiyo ni kama ghorofa tatu. Halafu kuna upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni utaisukuma risasi hiyo zaidi ya mita mbili kwa upande. Upepo huo ni ule tu wa kutikisa majani ya mahindi.

Kwa hivyo anayeshinda si mwenye macho makali wala mwenye bunduki ghali. Anayeshinda ni anayejua risasi itaanguka kiasi gani na upepo utaisukuma kiasi gani, kabla hajagusa triga. Kuanguka ni hesabu, unaweza kuiandika kwa karatasi ukaibandika kwa kitako cha bunduki. Lakini upepo haubandikwi popote. Upepo lazima uusome pale pale ulipolala.

Sasa niambie, kusoma upepo kunahitaji leseni ya nani?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama na nyumbani kulikuwa na wengine wanaongoja zamu yao. Sijaandika hii kumshawishi mtu aache masomo. Ukiwa na nafasi ya kusoma, kaa darasani. Ninachosema ni kwamba ile fizikia ya sekondari niliyoikariri kama shairi ili nipite mtihani, ilipata maana siku nilianza kufuatilia huu mchezo. Trigonometria ikawa kitu cha kutumia. Na vitu hivi unaweza kuvifanya bure.

La kwanza, jifunze milradi. Hiki ni kipimo cha pembe ambacho darubini nyingi za bunduki hutumia, na ni rahisi kuliko jina lake: moja kwa elfu. Milradi moja kwa mita 100 ni sentimita 10. Kwa mita 400 ni sentimita 40. Kwa mita 1,000 ni mita moja. Ukishaelewa hapo, unaweza kukadiria umbali kwa rula ya shule. Enda uwanja wenye goli la kipimo rasmi, ambalo urefu wake kwenda juu ni mita 2.44. Simama mbali, nyoosha mkono, shika rula sentimita 60 kutoka kwa jicho lako, mwambie rafiki apime hapo na futi kamba. Kama goli linaonekana kwa rula lina urefu wa sentimita 1.2, basi chukua 2.44, zidisha kwa 60, gawanya kwa 1.2. Unapata mita 122. Sasa tembea ukihesabu hatua uone kama umekosea. Fanya hivyo mara hamsini, kwa magoli na umbali tofauti. Utashangaa jinsi jicho linavyonyooka.

La pili, upepo. Kuna kipimo cha zamani cha mabaharia kinachoitwa Beaufort, na hakihitaji mashine. Ukisikia upepo usoni na majani yanachakarika kidogo, hiyo ni kilomita 6 hadi 11 kwa saa. Majani na vijiti vidogo vikitikisika bila kupumzika na bendera nyepesi ikafunguka, ni 12 hadi 19. Vumbi likiinuka na karatasi zikaanza kutembea, ni 20 hadi 28. Kila shule hapa ina bendera. Kila jikoni lina moshi. Miwa ya Mumias iko pale inainama bure kabisa. Wenzetu wa nchi zingine wananunua vifaa vya kupima upepo, na hata wao wanakubali kifaa kinapima pale ulipo tu, hakipimi upepo ulio katikati ya safari ya risasi. Huo wa katikati unausoma kwa nyasi na miti.

Kumbuka pia upepo unaokuja moja kwa moja kutoka ubavuni unasukuma kwa nguvu zote, lakini ukija kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mbele, unasukuma kwa nusu tu. Wazungu huutaja kwa mishale ya saa, "upepo wa saa tatu" maana yake unatoka kulia. Tafadhali usitafsiri hiyo hivi hivi. Saa tatu ya Kiswahili mshale uko kwenye tisa, yaani kushoto! Utamwambia mwenzako upepo wa saa tatu naye arekebishe upande usiofaa. Sisi tuseme kulia na kushoto, mambo yaishe.

Na Kakamega yetu ni darasa zuri. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo risasi hiyo hiyo huku huanguka kidogo kuliko ikipigwa Mombasa. Asubuhi hapa huwa kumetulia. Kuanzia mchana mawingu yanajipanga, upepo unageuka, na mvua ya radi inakuja na kelele zake. Ukiandika kwa daftari kila siku saa, upepo, upande, hali ya mawingu, baada ya miezi mitatu utakuwa unajua upepo wa kwenu kuliko programu yoyote ya simu. Hilo daftari ndilo kitu cha kwanza mwalimu mzuri wa mchezo huu atakuomba.

La tatu, mwili. Walengaji wanafyatua katika ile nafasi ndogo baada ya kutoa pumzi, kabla ya kuvuta nyingine. Kidole kinabonyeza polepole bila mkono kushtuka. Lala chini na fimbo, elekeza kwa alama ukutani, funga macho, pumua mara tatu, fungua. Kama fimbo imehama kutoka kwa alama, mwili wako hujaupanga vizuri. Usiisukume fimbo kwa mikono, sogeza mwili mzima. Jirani atadhani umerogwa, sawa, mwache.

La nne ni usalama, na hapa sina mzaha. Chukulia kila bunduki ina risasi, hata kama umeambiwa haina. Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga. Jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Hiyo ya mwisho ndiyo inafanya huu mchezo usiwezekane kwa shamba la mtu. Risasi haisimami kwa sababu imefika kwa mpaka wa boma lenu, na Magharibi tumebanana, nyuma ya kila mti kuna nyumba na nyuma ya nyumba kuna watoto. Masafa marefu yanahitaji uwanja rasmi wenye tuta la udongo au mlima wa kupokea risasi. Hakuna njia ya mkato.

Ukishakaa na hayo miezi kadhaa na moto haujazima, ndio utafute klabu. Huko Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja ambako watu wa bastola hufanya mashindano. Stoni Athi, upande wa Machakos, kuna uwanja wa siku nyingi wa bunduki ndefu. Piga simu kwanza, uliza kama unaweza kwenda kutazama, uliza sheria inamruhusu mgeni afanye nini na nini haimruhusu. Enda na daftari lako. Jitolee kubadilisha karatasi za shabaha. Na siku ukipata kufundishwa kihalali, usikimbilie yale makubwa. Omba .22. Risasi yake inatembea karibu mita 330 kwa sekunde, kasi kama ya sauti, kwa hivyo upepo unaichezea sana hata kwa mita 100 tu, na ikifika mita 200 imeanguka zaidi ya mita moja. Ni mwalimu mkali, haikupigi bega, na risasi zake ni bei ya chini. Anayeweza .22 kwa mita 200 kwenye upepo ana msingi wa kumpeleka mbali.

Lakini hapa ndipo roho inaniuma. Kutoka Kakamega hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, halafu bado hujafika uwanjani. Bunduki nzuri ya masafa marefu pamoja na darubini yake ni bei ya boda mbili tatu mpya. Kijana anayeuza smokie pale stendi anafika huko lini? Ukweli usemwe, mchezo huu hapa Kenya umekuwa wa wenye mali. Na hata njia ya Jumuiya ya Madola, ambako bunduki za masafa marefu zilikuwa na nafasi yake, imefungwa. Birmingham 2022 waliondoa kulenga shabaha kabisa, na Glasgow 2026 haimo.

Lakini Olimpiki bado kuna mlango, na huo ndio mlango mdogo niliosema. Bunduki ya hewa ya mita 10. Mita kumi tu! Ukumbi wa kanisa unatosha. Alama ya kumi kwenye shabaha yake ni nukta ya nusu milimita, kwa hivyo usidhani ni mchezo wa watoto. Unajifunza pumzi, mwili, triga na nidhamu, vitu vile vile vya masafa marefu ukiondoa upepo. India walichukua dhahabu yao ya kwanza ya mtu mmoja katika Olimpiki kwa mchezo huu, Abhinav Bindra, Beijing 2008. Yeye alikuwa wa familia yenye pesa, sikatai. Lakini Paris 2024 Swapnil Kusale, mkaguzi wa tiketi wa reli, akachukua shaba ya mita 50. Na yule mzee wa Uturuki mliyemgeuza kuwa memes, Yusuf Dikeç, mkono mfukoni, miaka 51, akaondoka na fedha ya bastola ya hewa. Sisi tunangoja nini? Tuna Bukhungu. Kaunti inaweza kutenga chumba kimoja pale, bunduki kumi za hewa zikae ndani ya sefu, chini ya leseni ya klabu na mwalimu aliyechunguzwa, na mtoto aende nyumbani mikono mitupu.

Najua kuna mzazi anasoma hii akisema, "Mnataka kufundisha vijana kupiga bunduki, halafu tukiibiwa?" Swali ni la haki, na sitalikwepa. Mwizi wa huku hakosi ujuzi wa kupiga nukta ya nusu milimita. Anayetisha mama na duka lake hana haja ya kulenga, kumuonyesha tu inatosha. Kinachomwezesha ni silaha kupatikana mtaani, na mpango wangu hauongezi hata moja mtaani. Lakini hapa nakubaliana na wewe mzazi kabisa: kama kaunti haiwezi kulinda sefu moja na kuweka daftari la nani ameshika nini saa ngapi, basi wasianzishe. Afadhali tukose mchezo kuliko tupoteze kifaa kimoja.

Na kwa wenzangu wa kontenti, tuache kuuza huu mchezo kwa lugha ya kuua. Ukiweka muziki wa vita na maneno ya "kumwangusha adui" juu ya video ya mtu anayelenga karatasi, unawapa wazazi sababu ya kutufungia mlango kabla haujafunguka. Pia unawaita watu wasiofaa. Mimi nataka yule msichana anayependa hesabu na hajui atazifanyia nini. Nataka yule kijana asiyeweza kukaa chini dakika tano, aone kama anaweza kutulia kwa pumzi moja.

Kwa hivyo ukiniuliza tena bei ya bunduki, jibu langu ni daftari la shilingi hamsini. Wiki hii, kila siku saa nne asubuhi na saa tisa mchana, tazama bendera ya shule iliyo karibu na wewe. Andika upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Siku saba, mistari kumi na minne. Ukishindwa na hiyo, huu mchezo si wako na umeokoa pesa nyingi. Ukimaliza, nitumie picha ya ukurasa huo, tuendelee kutoka hapo.